Mlinganuo katika Regresheni: Ni Nani Anayeuliza Swali, Mtafiti au Programu?

IKISIRI

Watafiti wa Kiswahili wanaotumia takwimu huripoti koefisienti za regresheni kana kwamba kila tarakimu ina maana moja isiyobadilika. Makala haya yanafafanua jinsi kategoria, mathalani lahaja au aina ya matini, zinavyogeuzwa kuwa tarakimu kwa njia ya milinganuo katika lugha ya kompyuta iitwayo R. Yanaonyesha kwamba data ile ile yaweza kutoa koefisienti tofauti kabisa kwa kutegemea mlinganuo uliotumika, na kwamba mtafiti asiyeuchagua mlinganuo wake huchaguliwa na programu, tena kwa kufuata mpangilio wa alfabeti. Hoja kuu ni kuwa mlinganuo ndio swali la utafiti lenyewe katika umbo la tarakimu. Hivyo basi, mwenye swali ndiye apaswaye kuutunga.

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa fonolojia hufunzwa mapema kwamba sauti haipati hadhi ya fonimu kwa kutazamwa peke yake. Sauti /p/ na /b/ huhesabiwa kuwa fonimu mbili katika Kiswahili kwa sababu jozi kama pata na bata hutofautiana kwa sauti hizo tu, na maana ikabadilika. Huo ndio mlinganuo finyu. Kauli yoyote kuhusu fonimu moja, kwa hiyo, huwa ni kauli kuhusu fonimu hiyo ikilinganishwa na nyingine.

Kanuni iyo hiyo inatawala uwanja ambao wanafunzi wengi wa Kiswahili huuendea kwa hofu, yaani uchanganuzi wa kitakwimu. Tafiti za isimujamii, isimunafsia na ufundishaji wa lugha hukusanya data ya makundi: wazungumzaji wa lahaja tofauti, matini za aina tofauti, wanafunzi wa viwango tofauti. Data hiyo inapoingizwa katika modeli ya regresheni, kompyuta hutoa jedwali la koefisienti. Aghalabu mtafiti hulinakili jedwali hilo katika tasnifu na kuandika kwamba kundi fulani "lina athari" na jingine "halina". Swali ambalo huachwa bila kuulizwa ni hili: athari hiyo imepimwa ikilinganishwa na nini?

Makala haya yananuia kujibu swali hilo kwa kutumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tarakimu zote za mfano huo zimetungwa kwa ajili ya ufafanuzi tu. Hazisemi lolote kuhusu wazungumzaji halisi wa lahaja zinazotajwa.

2. Mfano: Lahaja Tatu na Aya Moja

Chukulia kwamba mtafiti anataka kujua iwapo lahaja ya kwanza ya msomaji ina uhusiano na muda anaoutumia kusoma aya moja ya Kiswahili Sanifu. Anateua wasomaji wa makundi matatu yenye idadi sawa: waliolelewa katika Kiamu, katika Kimvita na katika Kiunguja. Anapima muda kwa sekunde na kupata wastani ufuatao:

Kiamu: sekunde 50
Kimvita: sekunde 47
Kiunguja: sekunde 41

Wastani wa makundi yote matatu ni sekunde 46. Muda ndio kibadilika tegemezi, na lahaja ndiyo kibadilika huru.

Modeli ya regresheni hukadiria muda kwa kuanza na thamani moja, ambayo katika makala haya itaitwa kianzio, kisha kuongeza au kupunguza kiasi fulani kwa kutegemea kibadilika huru. Kiasi hicho hupatikana kwa kuzidisha koefisienti na thamani ya kibadilika. Ugumu unatokea hapo hapo, kwani umri wa msomaji waweza kuzidishwa, bali neno "Kimvita" haliwezi. Sharti kategoria igeuzwe kuwa tarakimu.

Njia inayomjia mtu haraka ni kuipa Kiamu tarakimu 1, Kimvita 2 na Kiunguja 3. Njia hii ina dosari kubwa. Inadai kwamba lahaja hizo zimepangika katika mstari mmoja, na kwamba umbali kati ya Kiamu na Kimvita ni sawa na umbali kati ya Kimvita na Kiunguja. Modeli itachora mstari ulionyooka wenye mteremko wa sekunde 4.5 kwa kila hatua, na makadirio yake yatakuwa sekunde 50.5, 46 na 41.5. Hakuna hata kundi moja kati ya matatu ambalo wastani wake wa kweli umepatikana. Tarakimu 1, 2 na 3 zilikuwa majina tu, lakini kompyuta ilizichukua kuwa vipimo.

Suluhisho ni kutumia safu wima kadhaa za tarakimu badala ya moja. Kategoria yenye viwango vitatu huhitaji safu mbili, yenye viwango vinne huhitaji tatu, na kadhalika. Daima safu hupungua idadi ya viwango kwa moja, kwa kuwa kianzio kimekwisha kuchukua nafasi moja. Kila safu ni mlinganuo mmoja, na safu zote kwa pamoja huitwa matriki ya milinganuo.

3. Lugha ya R na Chaguo-msingi Lake

R ni lugha ya kompyuta iliyoundwa kwa ajili ya takwimu na michoro. Ilianzishwa katika miaka ya mwanzo ya 1990 na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland nchini New Zealand, na toleo lake la 1.0.0 likatolewa mwaka wa 2000. Mtangulizi wake ni lugha ya S, iliyobuniwa katika maabara ya Bell nchini Marekani kuanzia mwaka wa 1976, na John Chambers akiwa miongoni mwa waasisi wake. R hupatikana bila malipo, jambo ambalo limeifanya kuwa kimbilio la wanafunzi wa vyuo vingi ambavyo haviwezi kugharimia programu za kibiashara.

Katika R, modeli ya mfano wetu huandikwa kwa mstari mmoja:

m1 <- lm(muda ~ lahaja, data = jedwali)

Mstari huo hausemi lolote kuhusu mlinganuo, na bado modeli hufanya kazi. Hii ni kwa sababu R ina chaguo-msingi: mtafiti akinyamaza, programu hutumia mlinganuo uitwao contr.treatment kwa kategoria zisizo na mpangilio, na contr.poly kwa kategoria zenye mpangilio. Chaguo-msingi si sheria ya maumbile. Lugha ya S ilikuwa na chaguo-msingi tofauti, contr.helmert, na programu ya SAS hukichukua kiwango cha mwisho kuwa rejeo pale ambapo R hukichukua cha kwanza. Watafiti wawili wenye data moja waweza, basi, kupata majedwali mawili yasiyofanana bila yeyote kati yao kukosea hesabu.

Je, kiwango cha kwanza ni kipi? Mtafiti asipoeleza, R huvipanga viwango kwa alfabeti. Kabla ya toleo la 4.0.0 lililotoka mwaka wa 2020, maneno yaliyosomwa kutoka kwa faili yaligeuzwa kuwa kategoria papo hapo. Tangu toleo hilo hubaki kuwa maneno matupu hadi modeli inapoyahitaji. Hata hivyo, utaratibu wa alfabeti haukubadilika. Katika mfano wetu Kiamu hutangulia, Kimvita hufuata na Kiunguja huwa cha mwisho. Kiamu kimekuwa kipimo cha lahaja nyingine kwa sababu herufi a hutangulia m na u.

Msomaji wa historia ya Kiswahili ataona kejeli iliyomo humu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928 ulipokiteua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji badala ya Kimvita, uamuzi huo ulizua mjadala ambao bado unarejelewa katika madarasa ya isimujamii. Uteuzi wa lahaja ya kurejelea ni jambo zito. Katika jedwali la regresheni, uteuzi wa aina hiyo hufanywa na alfabeti, na mara nyingi hapana anayetambua kwamba umefanywa.

4. Mlinganuo wa Rejeo

Mlinganuo wa contr.treatment waweza kuitwa mlinganuo wa rejeo. Kundi la kwanza hupewa sifuri katika safu zote, na kila kundi jingine hupewa moja katika safu yake. Matokeo ya mfano wetu ni haya:

Kianzio: 50
lahajaKimvita: -3
lahajaKiunguja: -9

Kianzio, ambacho R hukiandika kwa jina la Intercept, ni wastani wa Kiamu peke yake. Koefisienti ya Kimvita ni Kimvita kutoa Kiamu, na ya Kiunguja ni Kiunguja kutoa Kiamu. Tofauti kati ya Kimvita na Kiunguja haimo katika jedwali. Mtafiti anayeona kwamba koefisienti ya Kimvita haina umuhimu wa kitakwimu ilhali ya Kiunguja inao, kisha akahitimisha kuwa Kimvita na Kiunguja vinatofautiana, amejibu swali ambalo modeli haikuulizwa.

Ikiwa swali la utafiti ni jinsi wasomaji wa lahaja nyingine wanavyotofautiana na wale ambao lahaja yao ndiyo msingi wa Kiswahili Sanifu, rejeo linalofaa ni Kiunguja. Hubainishwa hivi:

jedwali$lahaja <- factor(jedwali$lahaja)
jedwali$lahaja <- relevel(jedwali$lahaja, ref = "Kiunguja")

Sasa kianzio ni 41, Kiamu ni +9 na Kimvita ni +6. Data haikuguswa. Makadirio ya modeli kwa kila kundi ni yale yale, na kiasi cha tofauti kinachoelezwa na modeli nzima hakikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni maswali mawili ambayo jedwali linayajibu.

Amri ya factor katika mstari wa kwanza ni ya lazima, kwani R hukataa kuvipanga upya viwango vya safu ambayo bado ni maneno matupu. Kadhalika, ni vyema viwango vikaguliwe kwa amri ya levels kabla ya hatua nyingine yoyote. Neno lililoandikwa "kiamu" mahali pamoja na "Kiamu" mahali pengine huhesabiwa kuwa lahaja mbili.

5. Milinganuo Mingine Iliyo Tayari

Mlinganuo wa jumla, contr.sum, humlinganisha kila mshiriki wa kategoria na wastani wa makundi yote. Kwa mpangilio wa awali wa alfabeti, kianzio huwa 46, koefisienti ya kwanza huwa +4 na ya pili +1. Ina maana kwamba Kiamu kiko sekunde 4 juu ya wastani wa makundi, na Kimvita sekunde 1. Kiunguja hakionekani kwa kuwa kiwango cha mwisho hupewa -1 katika safu zote mbili, lakini thamani yake hupatikana kwa urahisi: mikengeuko yote hujumlika kuwa sifuri, hivyo Kiunguja ni -5. Tahadhari mbili zahitajika. Kwanza, R huziita safu hizi lahaja1 na lahaja2 bila kutaja jina la kundi, na mtu asiyekumbuka mpangilio wa viwango hupotea kwa urahisi. Pili, kianzio ni wastani wa wastani za makundi, wala si wastani wa wasomaji wote. Kama Lamu wangekuwa wasomaji 10, Mombasa 10 na Unguja 40, wastani wa wasomaji wote 60 ungekuwa sekunde 43.5, ilhali kianzio kingebaki 46.

Mlinganuo wa Helmert, contr.helmert, una jina la Friedrich Robert Helmert (1843–1917), mtaalamu wa Kijerumani wa upimaji wa dunia. Katika R, mlinganuo huu hulinganisha kila kiwango na wastani wa viwango vilivyokitangulia. Hata hivyo, koefisienti zake hazisomeki moja kwa moja kama tofauti. Katika mfano wetu ni -1.5 na -2.5. Tofauti ya Kimvita na Kiamu ni -3, nayo imegawanywa kwa 2. Tofauti ya Kiunguja na wastani wa vile viwili vingine ni -7.5, nayo imegawanywa kwa 3. Anayeripoti kwamba Kiunguja kinapungua kwa sekunde 2.5 amepunguza athari hadi theluthi moja.

Mlinganuo wa hatua kwa hatua hulinganisha kila kiwango na kile kilicho kabla yake tu. Unapatikana katika kifurushi cha MASS kwa jina la contr.sdif. Kwa mfano wetu hutoa kianzio cha 46, kisha -3 na -6. Mlinganuo huu unafaa zaidi pale ambapo viwango vina mfuatano halisi, mathalani kidato cha kwanza, cha pili na cha tatu, na mtafiti anataka kujua ni hatua ipi yenye badiliko kubwa. Kwa lahaja, ambazo hazina mfuatano wa asili, ni vigumu kuutetea.

Kwa kategoria zenye mpangilio na zenye hatua zilizo sawa, contr.poly huuliza iwapo mwelekeo ni mstari ulionyooka au una mkunjo. R huutumia wenyewe pindi kategoria inapotangazwa kuwa na mpangilio, na mtafiti hukuta safu zenye alama .L na .Q katika jedwali lake. Alama hizo zinawakilisha umbo la mwelekeo, wala hazitaji kundi lolote.

6. Kutunga Mlinganuo Wako

Maswali ya utafiti hayatoshei kila mara katika milinganuo iliyo tayari. Chukulia kwamba mtafiti wetu ana maswali mawili mahususi. Swali la kwanza: je, wasomaji wa Kiunguja wanatofautiana na wasomaji wa lahaja mbili za pwani ya Kenya zikichukuliwa pamoja? Swali la pili: je, Kiamu na Kimvita vinatofautiana? Majibu yanajulikana kutokana na wastani: 41 kutoa 48.5 ni -7.5, na 47 kutoa 50 ni -3. Modeli iliyotungwa vyema sharti itoe tarakimu hizo hizo, pamoja na makosa sanifu yake.

Maswali huandikwa kwa mizani. Kwa mpangilio wa Kiamu, Kimvita, Kiunguja, swali la kwanza lina mizani ya -1/2, -1/2, 1. Swali la pili lina -1, 1, 0. Kila swali hujumlika kuwa sifuri, na hilo ndilo sharti la mlinganuo wowote: kinachoongezwa upande mmoja hupunguzwa upande wa pili.

Hapa ndipo watafiti wengi hujikwaa. Huichukua mizani hiyo na kuiingiza moja kwa moja katika modeli kama safu za milinganuo. Koefisienti ya swali la kwanza hutokea kuwa -5 badala ya -7.5, na ya swali la pili -1.5 badala ya -3. Thamani za t na za p hazibadiliki katika mfano huu, kwa hiyo hakuna ishara yoyote ya kumzindua mtafiti. Ataandika kwamba tofauti ni ya sekunde 5, na msomaji wa tasnifu yake ataamini hivyo. Na iwapo maswali yenyewe yanaingiliana, yaani hayajitengi kimahesabu kama haya mawili, koefisienti yaweza kujibu swali jingine kabisa.

Sababu ni kwamba matriki ya maswali na matriki ya milinganuo ni vitu viwili. Ya kwanza hueleza jinsi ya kupata koefisienti kutokana na wastani za makundi. Ya pili hueleza kinyume chake, yaani jinsi ya kupata wastani za makundi kutokana na koefisienti. Ili kutoka katika maswali na kufika katika modeli, matriki haina budi kupinduliwa. Kwa kuwa matriki ya maswali si mraba, hutumiwa kinyume kilichopanuliwa, ambacho kifurushi cha MASS hukikokotoa kwa amri ya ginv:

library(MASS)
jedwali$lahaja <- factor(jedwali$lahaja, levels = c("Kiamu", "Kimvita", "Kiunguja"))
maswali <- rbind(c(-1/2, -1/2, 1), c(-1, 1, 0))
milinganuo <- ginv(maswali)
colnames(milinganuo) <- c("UngujaNaKenya", "MvitaNaAmu")
contrasts(jedwali$lahaja) <- milinganuo
m2 <- lm(muda ~ lahaja, data = jedwali)

Matriki inayopatikana ina safu ya kwanza ya -1/3, -1/3, 2/3, na ya pili ya -1/2, 1/2, 0. Uthibitisho wake waweza kufanywa kwa kalamu. Wastani wa Kiamu ni kianzio 46, kuongeza -1/3 mara -7.5, ambayo ni 2.5, kuongeza -1/2 mara -3, ambayo ni 1.5. Jumla ni 50. Msomaji aweza kufanya vivyo hivyo kwa Kimvita na Kiunguja.

Mstari wa levels umeandikwa kwa makusudi. Mizani haina majina ndani yake. Hufuata mpangilio wa viwango tu. Mpangilio ukibadilika bila mizani kubadilishwa, modeli itakubali, itakokotoa, na itajibu swali la lahaja zisizokusudiwa. Vilevile, mtafiti akitoa safu moja pekee kwa kategoria ya viwango vitatu, R haitamkatalia. Huijaza safu iliyosalia yenyewe, na safu hiyo haina budi kutambuliwa kuwa si swali la mtafiti.

Njia hii ya kuanzia katika maswali na kuyapindua ilifafanuliwa kwa kina na Schad, Vasishth, Hohenstein na Kliegl katika jarida la Journal of Memory and Language mwaka wa 2020, nayo inawahusu hasa watafiti wa lugha.

7. Athari Kuu Penye Mwingiliano

Hatari kubwa zaidi ya kutojua mlinganuo hujitokeza pale ambapo kategoria mbili zinaingiliana. Chukulia sasa utafiti mwingine wa kubuni wenye makundi mawili ya wasomaji, Kimvita na Kiunguja, na aina mbili za matini: habari ya gazeti katika Kiswahili Sanifu, na shairi la Kimvita, mithili ya yale ya Muyaka bin Haji wa Mombasa. Wastani wa sekunde ni hizi:

Kimvita, habari: 40
Kimvita, shairi: 44
Kiunguja, habari: 40
Kiunguja, shairi: 52

Modeli huandikwa hivi: lm(muda ~ lahaja * matini, data = jedwali2). Kwa chaguo-msingi la R, kianzio ni 40, koefisienti ya Kiunguja ni 0, ya shairi ni 4, na ya mwingiliano ni 8.

Mtafiti aliyezoea kuisoma koefisienti ya Kiunguja kama "athari ya lahaja" ataandika kwamba lahaja haina athari yoyote. Kauli hiyo si sahihi. Sifuri ile ni tofauti kati ya Kiunguja na Kimvita katika habari peke yake, kwa kuwa habari ndiyo rejeo la matini, na habari imekuwa rejeo kwa sababu h hutangulia sh. Lau kama matini hiyo ingeitwa "taarifa" badala ya "habari", rejeo lingekuwa shairi, na koefisienti ile ile ya Kiunguja ingekuwa 8. Hitimisho la tasnifu nzima lingegeuka kwa kubadilisha kisawe kimoja tu.

Ili kupata athari kuu kwa maana ya kawaida, yaani wastani wa tofauti katika aina zote za matini, kila kategoria ya viwango viwili yaweza kupewa -1/2 na +1/2:

contrasts(jedwali2$lahaja) <- c(-1/2, 1/2)
contrasts(jedwali2$matini) <- c(-1/2, 1/2)

Sasa kianzio ni 44. Koefisienti ya lahaja ni 4, kwani wastani wa Kimvita ni 42 na wa Kiunguja ni 46. Koefisienti ya matini ni 8, na ya mwingiliano imebaki 8, ambayo ni tofauti ya tofauti: sekunde 12 za Kiunguja kutoa sekunde 4 za Kimvita. Kama contr.sum ingetumika, ambayo hutoa +1 na -1, athari kuu zingekuwa nusu ya tofauti hizi na kwa ishara iliyogeuzwa, na mwingiliano ungekuwa 2, yaani robo. Hapa tena hesabu ni sahihi kote. Kinachohitajika ni kuijua mizani iliyotumika.

8. Mapendekezo kwa Watafiti wa Kiswahili

Kutokana na maelezo yaliyotangulia, mambo manne yanapendekezwa. Kwanza, maswali yaandikwe kwa sentensi za Kiswahili kabla data haijafunguliwa, kisha yageuzwe kuwa mizani. Mlinganuo unaotungwa baada ya kutazama wastani ni kuchora shabaha mahali mshale ulipokwisha kuanguka. Pili, mpangilio wa viwango utajwe waziwazi kwa amri ya factor, usiachiwe alfabeti. Tatu, matriki ya milinganuo ichapishwe kwa amri ya contrasts na ikaguliwe, na tarakimu za koefisienti zilinganishwe na wastani za makundi zilizokokotolewa kando. Zisipopatana, kuna kosa la kutafutwa. Nne, sehemu ya mbinu za utafiti itaje mlinganuo uliotumika kwa kila kategoria, rejeo ni lipi, na kianzio kina maana gani. Sentensi mbili zatosha. Bila sentensi hizo, jedwali la koefisienti haliwezi kufasiriwa hata na msimamizi mwenye ujuzi wa takwimu.

Wahadhiri nao wana nafasi yao. Kwenye utetezi wa tasnifu, swali "tofauti na nini?" likiulizwa kwa kila koefisienti, litafichua haraka iwapo mtahiniwa anaijua modeli yake au amelinakili jedwali tu. Swali hilo halihitaji ujuzi wa kompyuta, na mwanaisimu yeyote aliyewahi kutafuta jozi za mlinganuo finyu analifahamu tayari.

9. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kategoria haiingii katika regresheni ila kwa njia ya mlinganuo, na kwamba wastani tatu za mfano, yaani 50, 47 na 41, zimeweza kutoa -9, +9, -5, -2.5, -6 na -7.5 kuhusiana na Kiunguja, kila tarakimu ikiwa jibu sahihi la swali lake. Lugha ya R humpa mtafiti uhuru kamili wa kutunga swali alitakalo, ila humruhusu pia kunyamaza, na anyamazapo humwulizia swali la alfabeti. Waswahili husema kuwa asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Katika regresheni asiyeuliza hupewa jibu vilevile, nalo huja na tarakimu, kosa sanifu na thamani ya p, bila kuonyesha kwamba swali lilikuwa la programu.